Mtego wako haushiki panya? Mwongozo kamili wa kuwamaliza nyumbani, hatua kwa hatua

Hapa Mombasa, kuanzia Mikindani mpaka Kisauni, watu waniuliza jambo moja tu: "nimetega, nimetia chambo, asubuhi chambo hakipo na mtego haujafyatuka", ama "mtego umekaa wiki nzima na panya wapita kando yake." Alafu mtu anachoka anaenda kununua ile sumu ya kupimiwa barabarani, na wiki inayofuata nyumba inanuka na hajui mzoga uko ndani ya dari ama nyuma ya kabati.

Mtego unafanya kazi sana, lakini wataka mpango. Wengi wanaofeli wamefanya kitu kimoja: mtego mmoja, katikati ya jikoni, umetegwa usiku ule ule uliponunuliwa. Kwa kipanya kidogo unaweza kubahatisha. Kwa panya mkubwa, hapana. Soma hatua zote kwanza ndo uende dukani, manake ukiruka moja zile zingine zinapoteza nguvu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mitego ya kubana, ile ya kibao na springi. Kuna ya vipanya na kuna ya panya wakubwa, usichanganye. Panya mkubwa akipigwa na mtego mdogo anaumia tu na anatoroka, na akishatoroka huyo hausogelei tena. Kwa nyumba ya vyumba viwili na jikoni nunua isiopungua 6 mikubwa, na kama ni vipanya nunua 8 ama 10. Najua waona ni mingi. Nunua tu.
- Chambo: nazi iliyochomwa kidogo, papa mkavu ama ng'onda, na pinati bata.
- Uzi wa kushonea na waya mwembamba.
- Glavu za mpira.
- Tochi, magazeti ya zamani, na unga wa ngano kama vijiko vitatu vinne.
- Jik (ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe), chupa ya kupulizia, na matambara ya kutupa.
- Pakiti tupu za mkate. Anza kuzikusanya leo, nitakwambia za nini.
- Za kuziba: simiti na mchanga kidogo, ile waya laini ya kusugulia sufuria, wavu wa chuma wa matundu madogo, na kipande cha bati.

Mtego wa sanduku la waya pia unashika, lakini asubuhi unabaki na panya mzima anayekutazama na lazima umuue wewe. Kumpeleka ukamfungulie karibu na kwa jirani si suluhisho, ni kuhamisha shida. Mtego wa kubana ukiwa na springi nzuri unaua papo hapo, ndo maana naupenda zaidi.

Gundi siipendekezi kabisa. Panya anakwama hai, anapiga kelele na kukojoa masaa mengi mpaka afe, na nyumba zetu zimejaa mijusi na watoto wa paka ambao wanakwama pia. Mjusi akinasa, mpake mafuta ya kupikia polepole mpaka aachie, usimvute.

Na sumu isiyo na lebo tafadhali usiilete ndani ya nyumba. Hujui ni nini na hujui dawa yake ni ipi mtoto akiila. Paka na kunguru wakila panya mwenye sumu pia wanaweza kufa.

Hatua ya 1: Jua una panya gani

Usitege kitu chochote kabla ya hii, kwa sababu panya wa kila aina anapita mahali pake. Angalia mavi yao kwa tochi, nyuma ya friji, chini ya sinki, juu ya kabati, kwenye stoo.

Mavi ya milimita 3 mpaka 6, yenye ncha kali, ni ya kipanya. Yanakuwa mengi na yametawanyika. Mavi ya milimita 12 hivi, yenye ncha, ni ya panya wa paa: mwembamba, mkia mrefu kuliko mwili, anapita kwenye boriti, nyaya za stima na mapaipu. Mji wa Kale na kwenye nyumba za makuti huyu ndo mwenyewe. Mavi manene yanayokaribia milimita 20, na ncha butu, ni ya yule mkubwa wa mtaroni: mwili mzito, mkia mfupi kuliko mwili, anachimba mashimo chini na anatoka kwenye mitaro.

Unaweza kuwa na wawili kwa pamoja, mmoja juu mmoja chini. Kama wasikia mbio kwenye dari usiku na pia kuna shimo nje karibu na tangi la choo, hesabu kuwa una kazi mbili.

Ukimaliza hatua hii unafaa kuweza kusema "nina panya wa paa, wanapita upande huu". Kama bado wasema "nina panya" tu, rudi na tochi.

Hatua ya 2: Tafuta njia zao

Panya hapendi uwanja. Anatembea ameegemea ukuta, ubavu wake unagusa, na anarudia njia ile ile kila usiku mpaka ukuta unapata alama nyeusi ya mafuta ya manyoya yake. Alama hiyo ni dhahabu kwako. Itafute pembeni mwa ukuta, kwenye boriti, pale paipu inapoingilia.

Kama huoni alama, tumia unga. Usiku kabla ya kulala nyunyiza unga wa ngano mwembamba sana kando ya kuta unazoshuku, asubuhi angalia nyayo na mstari wa mkia. Alafu pangusa kwa tambara lenye maji, usiuache ukawa chakula.

Kwa mashimo tumia gazeti. Kila tundu uonalo lijaze gazeti, lisikazwe sana. Asubuhi gazeti lililosukumwa nje ama kutafunwa ni mlango unaotumika, na lile lililokaa vile vile ni tundu la zamani. Tia alama ya chaki kwenye yale yanayotumika, utayahitaji baadaye.

Onyo: usiyazibe yanayotumika sasa hivi. Najua mkono unawasha. Lakini ukiyafunga kabla hujawapunguza waliomo, wanaguguna njia mpya ama wanafia ndani ya dari, na njia zote ulizozipeleleza zinabadilika.

Hatua ya 3: Wafungie chakula

Hapa ndipo mitego mingi inaposhindwa, na watu hawapapendi kwa sababu hapana raha ya kushika panya. Mtego wako unashindana na chakula kingine cha ndani ya nyumba. Kama kuna sufuria ya wali iliyofunikwa nusu, gunia la mchele wazi, na pipa la taka lisilo na kifuniko, kwa nini panya ahatarishe shingo yake kwa kipande cha nazi?

Mchele, unga, maharagwe, vyote kwenye ndoo zenye kifuniko kinachobana. Pakiti ya unga panya anaipasua kama hakuna kitu. Mabaki ya mahamri na viazi karai yasilale mezani. Vyombo vioshwe usiku ule ule. Pangusa nyuma ya jiko la gesi, mafuta yanayoruka pale yanatosha kulisha vipanya. Chakula cha paka kiondolewe magharibi. Maji pia, hasa kwa panya wakubwa ambao wanahitaji kunywa kila siku: rekebisha bomba linalodondoka, funika ndoo na mtungi.

Dalili ya kufaulu ni kwamba siku mbili tatu baadaye wanaanza kuwa na ujasiri, unawaona mapema zaidi, wanahangaika. Usiogope, hiyo ndiyo njaa uliyokuwa unaitafuta.

Hatua ya 4: Walishe bila kutega

Ukichukua kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu, chukua hiki.

Panya mkubwa, awe wa paa ama wa mtaroni, anaogopa kitu kigeni kwenye njia yake. Ukiweka mtego leo atauzunguka siku kadhaa. Na akiujaribu ukafyatuka bila kumpata, ameshajifunza. Kwa hivyo unaiweka mitego yote mahali pake, na chambo juu yake, lakini hujaitega. Springi imelala. Unamwacha ale bure.

Kila jioni tia chambo kipya, kila asubuhi angalia. Usiku wa kwanza labda hakuna kilichoguswa, wa pili pia. Mara nyingi ikifika siku ya tatu mpaka ya tano wanaanza kula, wengine wanachukua wiki. Ngoja mpaka chambo kiliwe usiku mbili mfululizo kwenye mitego mingi. Hapo wameshazoea na mtego umekuwa sahani yao.

Vipanya hawahitaji hii hatua. Kipanya ni mdadisi, kitu kipya anakuja kukichungulia usiku ule ule, kwa hivyo kwa vipanya ruka moja kwa moja uende hatua ya 5.

Kuhusu chambo: nazi ya kuchoma kwa hapa Pwani haina mpinzani kwa panya wa paa, harufu inafika mbali na haiozi haraka. Papa mkavu ni mzuri kwa yule wa mtaroni. Pinati bata ni nzuri kwa vipanya. Jibini ni la vibonzo vya watoto, liache. Kama panya wako wamekuwa wakiiba kitu fulani, tuseme viazi ama mkate wa mofa, wape hicho hicho. Shida yetu nyingine ni sisimizi na mende, chambo kikilala mchana kucha wanakimaliza wao, kwa hivyo tia jioni tu, baada ya isha, na asubuhi ondoa.

Hatua ya 5: Tega yote usiku mmoja

Kata chambo kadiri ya punje ya mbaazi. Wengi wanaweka tonge, panya anakula pembeni anashiba anaondoka. Kikiwa kidogo lazima asogee katikati. Alafu kifunge kwa uzi kwenye kile kijisahani, uzungushe mara mbili tatu, ili alazimike kuvuta. Hii ndo dawa ya "chambo hakipo na mtego haujafyatuka". Pinati bata nayo mwenye ulimi mwepesi anailamba yote bila kufyatua, kwa hivyo iloweshe kwenye kipamba kidogo na ukifunge vile vile.

Mtego ukae hivi: umeukabili ukuta, ule upande wa chambo unagusa ukuta kabisa. Panya akija kutoka kulia ama kushoto anakutana na chambo njiani mwake. Ukiulaza sambamba na ukuta bila kufikiri, akitokea upande wa nyuma anakanyaga kibao na kuufyatua bila kubanwa. Kama nafasi ni nyembamba na lazima ulale sambamba, weka miwili, chambo kimoja kitazame huku na kingine kule.

Kwa vipanya achanisha mita 2 mpaka 3 tu, wao hawaendi mbali na kiota. Kwa wakubwa mita 5 hivi yatosha, ila penye mavi mengi weka miwili pamoja.

Kwa panya wa paa usitege sakafuni, utangoja mpaka uchoke. Tega juu ya boriti, juu ya ukuta pale makuti ama mabati yanapokutana nao, juu ya kabati. Na uufunge kwa waya, manake panya aliyebanwa mguu ataukokota mtego mpaka uvunguni mwa dari na hutauona tena. Ukipanda darini kanyaga kwenye mbao za fremu pekee, zile bodi za dari hazibebi mtu.

Onyo la mikono: mtego wa panya mkubwa unaweza kuvunja kidole cha mtoto. Tega ukiwa umeshauweka karibu na mahali pake, shika kibao kwa kingo, na ukishategwa usiunyanyue, usukume kwa kijiti. Nyumba yenye watoto ama paka, tega wakishalala na uondoe kabla hawajaamka, ama uweke ndani ya boksi la mbao lenye matundu mawili ya sentimita 7 pande mbili, na jiwe zito juu.

Na yote itegwe usiku huo mmoja. Ukitega miwili leo na mitatu kesho unawafundisha. Usiku wa kwanza ndo wenye mavuno makubwa.

Hatua ya 6: Asubuhi

Vaa glavu. Zamani mtu aliambiwa glavu ni za kuficha harufu ya mkono, lakini panya wa nyumbani ameishi na harufu yako siku zote, glavu ni za kukulinda wewe na mkojo wake na viroboto. Pulizia mzoga na mtego maji ya Jik, kipimo 1 cha Jik kwa 9 vya maji, ngoja dakika 5.

Sasa zile pakiti za mkate. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya mwaka 2017 watu wanahangaika wabebee nini mzoga. Ingiza mkono ndani ya pakiti, mshike panya, alafu igeuze nje ndani umebaki naye, funga fundo, tia ndani ya pakiti ya pili. Mzike kina cha kutosha ama upeleke kwenye pipa lenye kifuniko. Usimtupe jaani wazi, kunguru wetu hawamalizi dakika kumi kabla hawajambeba na kumwangusha kwenye uwanja wa mtu.

Tega tena usiku huo. Mtego ulioshika panya si lazima uuoshe kwa sabuni ya manukato, harufu ya panya mwenzake haimfukuzi. Hewa yetu ya chumvi inakula springi, kwa hivyo paka tone la mafuta ya kupikia kwenye springi kila baada ya siku chache, uwe unafyatuka haraka.

Endelea mpaka zipite siku 7 hakuna chambo kilichoguswa, hakuna mavi mapya, na unga hauna nyayo. Baada ya hapo acha mitego miwili mitatu kwa wiki 3 zaidi. Sababu ni hii: mimba ya panya ni kama siku 21, na kuna watoto wadogo viotoni ambao hawajaanza kutoka. Watu wengi wanafunga kazi mapema, mwezi ujao wanasema "wamerudi". Hawakurudi, walikuwa humo.

Hatua ya 7: Sasa ziba

Kipanya anapita tundu la milimita 6, yaani penseli ikiingia basi naye ataingia. Panya mkubwa anahitaji milimita 12 hivi tu. Kwa hivyo usizibe kwa macho, zunguka na penseli.

Shindilia waya ya sufuria ndani ya tundu kwanza, alafu simiti juu. Simiti peke yake ikiwa mbichi wanaichimbua usiku huo huo, na tambara ama povu wanaguguna tu. Pale paipu ya sinki na ya AC zinapopita ukutani ndipo pa kwanza. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati. Matundu ya hewa na shimo la maji ya bafuni, wavu wa chuma.

Paa la makuti huwezi kuliziba, hapo punguza njia za kulifikia. Kata matawi ya mwembe yawe mbali na paa angalau mita 1 na zaidi ukiweza. Mnazi ulio karibu na nyumba, ambao panya wa paa wanapenda kuzalia kileleni, uvishe bati laini la upana wa sentimita 40 hivi kuzunguka shina, mita 2 kutoka chini. Kucha zinateleza hawapandi. Lakini kama makuti yake yanagusa mnazi mwingine ama ukuta, bati halisaidii kitu.

Hatua ya 8: Safisha bila kufagia

Usichukue ufagio. Mavi makavu yakifagiliwa yanakuwa vumbi na unalivuta. Fungua madirisha nusu saa, lowesha kwa yale maji ya Jik, ngoja dakika 5, pangusa kwa tambara la kutupa, alafu piga deki.

Mkojo wa panya unabeba ugonjwa uitwao leptospirosisi, na unaingia mwilini kupitia kidonda ama ukikanyaga maji machafu miguu mitupu. Inaanza na homa, kichwa, na misuli kuuma hasa ya vigimbi, na wengine wanapata macho ya manjano. Inafanana na malaria. Ukipata homa baada ya kazi hii mwambie daktari wazi kwamba nyumbani kulikuwa na panya. Aliyeumwa na panya aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi, aende hospitali siku hiyo, pia akaangaliwe kuhusu sindano ya pepopunda.

Kama mitego bado haishiki

Chambo kinaliwa, mtego haufyatuki: springi ina kutu ama chambo hakijafungwa. Mtego unafyatuka mtupu: umekaa vibaya na ukuta, ama umenunua mdogo. Chambo hakiguswi kabisa: kuna chakula kingine ambacho hujakiona, rudi hatua ya 3, angalia pia banda la kuku na stoo ya jirani.

Mwenye paka asikate tamaa naye wala asimtegemee peke yake. Paka anawala vipanya na panya wachanga, lakini yule mkubwa wa mtaroni paka wengi wanampisha njia.

Kwenye zile nyumba za vyumba za Majengo na Likoni, ukumbi mmoja na dari moja juu ya wapangaji sita, kutega chumba kimoja ni kuwahamishia wenzako. Ongeeni, chakula kifungwe vyumba vyote wiki moja, mlishe pamoja, na mtege usiku mmoja. Mwenye nyumba agharamie simiti na wavu wa mitaro, huo ni wajibu wake.

Ukimaliza, kausha mitego, paka mafuta, ifunge kwenye gazeti uiweke mahali pakavu. Masika yakikaribia, mwezi wa tatu, itoe na uiweke na chambo bila kutega kando ya kuta za nje, kwa sababu mitaro ikijaa maji wale wakubwa wanahama na wanatafuta pakavu, na wakikuta mitego wameshaizoea utawapata mlangoni kabla hawajaingia jikoni.